Duka la jumla la mama: binti atarithi nini?

MJINI Lomé, Togo, akina mama waliwahi kushika usambazaji wa vitenge vya Uholanzi. Kila mfanyabiashara mkubwa alipewa haki ya kuuza mitindo fulani peke yake, hivyo wachuuzi kutoka nchi jirani walilazimika kununua kwake. Faida iliwapatia magari ya Mercedes-Benz, wakaitwa Nana Benz. Baadhi ya mabinti walirithi biashara hizo.

Januari 1994 faranga ya CFA ilishushwa thamani kwa nusu dhidi ya faranga ya Ufaransa. Vitenge vya kuagiza vikapanda bei ghafla, wateja wa kawaida wakashindwa. Baadaye vikaingia vitenge vya bei nafuu kutoka China, vilivyoletwa na kizazi kipya cha akina mama walioitwa Nanette. Mitindo ikaigwa, haki ile ikapoteza nguvu.

Hapo kuna somo. Haki ya kuuza peke yako ni ya aliyekupa, si mali ya ukoo. Mama unayemwandaa binti yako, mrithishe daftari la hesabu, orodha ya wateja na wasambazaji zaidi ya mmoja. Mfundishe sasa, ukiwa bado upo dukani.