Kaizari wa Mashuka na Kaizari wa Magwanda

Msomaji wa Kyela hana haja ya kufundishwa nguvu ya maneno yasemwayo mbele ya maiti. Tangu Ipinda hadi Matema watu hukusanyika msibani kwa wingi, na yule apewaye nafasi ya kusema hupimwa kwa kila neno. Zamani Wanyakyusa walipiga ngoma na kucheza mazikoni, kama alivyoeleza Monica Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1957. Kilio na ghadhabu vilikaa jirani sana. Kwa hiyo mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwaka 1963, akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, si mgeni kwetu. Moyo wake ni hotuba ya mazishi.

Twapenda basi kuzipima filamu mbili zilizotokana nao.

Ya kwanza ni ya Joseph Mankiewicz, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1953. Watu wamejitanda mashuka ya Kirumi, nguzo ni ndefu, picha ni nyeusi na nyeupe. Marlon Brando, ambaye ni Antony, atoka ameibeba maiti ya Kaizari mikononi, ailaza mbele ya umati, ndipo aanzapo kusema. Kwa maoni yetu hajatokea wa kumshinda katika hotuba hiyo. Charlton Heston, katika filamu ya rangi ya mwaka 1970, hakumkaribia. Lakini utazameni umati wenyewe. Walia, wapiga kelele, waondoka. Na kile kisa cha Cinna mshairi, auawaye na wananchi wenye hasira kwa kuwa tu jina lake lafanana na la mmoja wa wauaji, hakimo.

Ya pili ni ya Gregory Doran wa Uingereza, ya mwaka 2012. Wachezaji ni Waingereza weusi, Paterson Joseph akiwa Brutus. Nchi ni ya Kiafrika isiyotajwa jina, mashuka yamepisha magwanda ya askari, na lafudhi ni ya huku kwetu Afrika ya Mashariki. Hapa Cinna yumo, naye avishwa tairi shingoni. Nani miongoni mwetu asiyelijua tairi lile? Kelele za mwizi zapigwa sokoni, petroli yaletwa, wala hapana aulizaye jina la mtu. Kwa kisa hicho kimoja filamu hii yaipita ile ya kwanza mbali.

Hata hivyo tuna lawama. Roma iko Ulaya. Mbona atafutaye mahali pa kumwulia mtawala huja moja kwa moja Afrika? Lawama hiyo ni ya haki, ingawa hatuwezi kuipiga kwa sauti kubwa mno: tafsiri ya Mwalimu ilitoka mwaka 1963, na Januari 1964 askari wetu wenyewe waliasi.

Sisi twatamani filamu ya tatu. Maneno yawe ya Mwalimu, jukwaa liwe uwanja wa msiba chini ya miembe karibu na ziwa, na umati uwe wa watu wa Kyela, wanaojua nani huketi wapi na nani husema kwanza. Mwenye kamera na aanze na Cinna.