Piko si Hina: Someni Pakiti Kwanza

Baada ya mavuno ndipo harusi huwa nyingi huku Songea. Bibi harusi huchorwa maua mikononi na miguuni, na wadogo zake nao hutaka kuchorwa. Ni jambo la furaha, wala si neno baya. Lakini yafaa wazazi wajue ni kitu gani kinachopakwa juu ya ngozi ya mtoto wao, maana siku hizi watu huchanganya vitu viwili vilivyo mbalimbali.

Kitu cha kwanza ni hina. Hina ni majani ya mti yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake ni ya kahawia au nyekundu kidogo, nayo hukaa saa kadhaa ndipo ishike. Watu wa Unguja na Mombasa wameitumia tangu zamani, na walio wengi haiwadhuru. Ila wachanga wasipakwe, kwa kuwa wako watoto waliozaliwa na upungufu uitwao G6PD, na hao hina huweza kuvunja damu yao.

Kitu cha pili ni piko. Hii ni nyeusi ti, tena hushika upesi. Weusi huo hautoki katika majani, kwani hina safi haiwi nyeusi. Mara nyingi hutoka katika unga wa kutia nywele rangi, wenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD.

Mtu atauliza: Ikiwa yafaa kichwani, mbona isifae mkononi? Dawa ya nywele hupakwa kwa muda mfupi, kisha huoshwa. Na katika nchi za Umoja wa Ulaya PPD iliyomo wakati wa kupaka haipasi kuzidi sehemu 2 katika 100. Piko hukaushiwa juu ya ngozi yenyewe, na mchoraji hakupima kitu. Kwa sababu hiyo Ulaya na Marekani haziruhusu PPD kupakwa juu ya ngozi.

Ngozi ikiikataa, huwasha, huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata mistari ya ua lile lile. Huweza kutokea siku ile ile, au hata baada ya wiki mbili. Kovu au baka huweza kubaki. Tena mwili ukiisha kuikataa PPD, huikataa maisha yote. Msichana huyo akija kutia nywele rangi akiwa mtu mzima, huenda akavimba uso mzima.

Na tatuu za sindano je? Wazee wa Kimakonde na Kiyao walichanja nembo na kupaka mkaa. Leo wino hutoka kiwandani, na sindano safi peke yake haitoshi. Katika mji wa Rochester, Marekani, kati ya mwaka 2011 na 2012, watu 19 walitokwa na vipele visivyopona upesi. Vijidudu vilikuwa ndani ya wino wenyewe, hata katika chupa isiyofunguliwa. Tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umezuia kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu. Chupa lazima iandikwe kwamba ni ya tatuu, vitu vilivyomo, na namba ya toleo, ili wino mbaya ujulikane na kuondolewa.

Hapa Tanzania vipodozi vilisimamiwa na TFDA. Tangu Julai 2019 ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi hafiki katika kila nyumba ya harusi. Kwa hiyo mama mwenyewe na aulize:

Pakiti iko wapi? Unga uliofungwa katika karatasi tupu ukataliwe.

Imeandikwa nini? Penye neno p-Phenylenediamine, au maneno kwamba ni ya nywele, isipakwe ngozini.

Yashika upesi na kuwa nyeusi kabisa? Hiyo si hina.

Ikiwa mtoto amekwisha kupakwa na anawashwa, mwosheni kwa maji na sabuni, msitumbue malengelenge, mpelekeni zahanati pamoja na pakiti. Akivimba uso au akipumua kwa shida, msingoje kesho: apelekwe hospitali saa ile ile.