Kwa Nini Petroli Igeuke Mvuke Kabla ya Kuwaka

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya plagi. Lakini nimepata barua iliyonifanya nibadili mpango, na plagi zitangoja.

Mwandishi wa barua hiyo ana motokaa ya mizigo, ya zamani, yenye kabureta, na chakula cha nyumba yake chategemea gari hilo. Amejiwa na mtu anayeuza chombo cha bati kinachofungwa juu ya bomba la ekzosi. Petroli hupitishwa ndani yake, ikapata moto, ikageuka mvuke kabla ya kufika kwenye injini. Muuzaji asema kwamba gari litatumia nusu tu ya petroli linayotumia sasa. Bei ya chombo ni karibu sawa na kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Aniuliza: “Bwana Mwalimu, ninunue au nisinunue?”

Jibu nitalitoa, lakini kwanza nataka uelewe sababu zake. Yule muuzaji hasemi uongo mtupu. Maneno yake yana kweli ndani yake, na ndiyo maana yanashika. Wenye kuunda injini za kwanza walihangaika na jambo hilihili kwa zaidi ya miaka 40.

Anza na taa ya karabai. Kila aliyewahi kuiwasha ajua kwamba huwezi kupiga pampu tu ukatia kiberiti. Kwanza huwashwa spiriti katika kikombe kidogo ili bomba la mafuta lipate moto. Bomba likiisha kupata moto, mafuta ya taa hugeuka mvuke humo ndani, mvuke huchanganyika na hewa, na taa hutoa mwanga mweupe. Ukifanya haraka, bomba likiwa bado baridi, mafuta hutoka majimaji, nayo taa huwaka moto mwekundu wenye moshi mpaka wenye nyumba wakimbilie nje. Mafuta ni yaleyale, na taa ni ileile. Tofauti ni mvuke.

Petroli nayo ni hivyo. Petroli ya majimaji haiwaki; kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Tena kipimo chake ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Kilo 1 ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa. Ukipima kwa ujazo, lita 1 ya petroli yahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa, yaani kama madebe 450. Na injini inayokwenda mbio ina sehemu ndogo sana ya nukta moja ya kuchanganya vitu hivyo.

Sasa twende Ujerumani. Karl Benz alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa motokaa yake mwaka 1886. Gari lile halikuwa na kabureta kama tunayoijua. Lilikuwa na chombo chenye mafuta, na hewa ilipita juu ya uso wa mafuta hayo ikichukua mvuke uliopanda wenyewe, kama upepo unavyochukua harufu ya chungu kisichofunikwa. Mafuta yenyewe yalikuwa mepesi sana, aina iitwayo ligroini, iliyouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia madoa. Mwaka 1888 Bertha Benz, mke wake, alipolichukua gari pamoja na wana wao wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, safari ya zaidi ya kilometa 100, ilimbidi asimame Wiesloch kununua mafuta kwa muuza dawa. Hapakuwa na mahali pengine pa kuyanunua.

Njia ile ilifaa kwa injini ndogo iendayo polepole. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine mepesi yanayoruka upesi, mengine mazito. Hewa ikipita juu yake huchukua yale mepesi kwanza. Kadiri safari inavyoendelea, yanayobaki chomboni ni mazito, na injini hudhoofika ingawa mafuta bado yapo. Tena barabara ikiwa na mashimo, mafuta yalitikisika na kipimo kikabadilika ovyo.

Mwingereza Frederick Lanchester, wa Birmingham, alijaribu kulitatua kwa tambi. Ndiyo, tambi kama za kibatari. Zilinyonya petroli kutoka chini, na hewa ikapita katikati yake. Mimi napenda sana uvumbuzi huu, maana mtu yeyote aliyelelewa kwa mwanga wa kibatari angeuelewa bila kufundishwa. Magari yake yaliendelea kutumia tambi kwa miaka mingi.

Hata hivyo njia iliyoshinda ni nyingine. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach, huko Ujerumani, alitengeneza kabureta ya kunyunyizia. Mwaka huohuo Donát Bánki na János Csonka, wa Budapest, walipata hati kwa ajili ya kabureta yao, yenye kanuni hiyohiyo. Boya dogo hushika mafuta yasipande wala yasishuke. Hewa inapovutwa na pistoni hupita mahali pembamba, kama koo, na hapo mwendo wake huzidi na kanieneo yake hupungua. Mafuta husukumwa yatoke katika kitundu chembamba, yaani jeti, yakatawanyika kama manyunyu ya mvua.

Faida ya manyunyu ni nini? Fikiri juu ya kanga iliyofuliwa. Ukiiacha imekunjwa katika beseni, kesho utaikuta mbichi. Ukiianika, hukauka upesi, kwa sababu uso wake wote uko hewani. Tone moja la petroli lenye upana wa milimita 1, likigawanywa kuwa matone yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hutoa matone 1,000, na uso wake wote pamoja huwa mara 10 ya ule wa kwanza. Na manyunyu huchukua mepesi na mazito pamoja, kwa hiyo mafuta yanayobaki ni sawa na yale ya mwanzo.

Lakini angalia: manyunyu si mvuke. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Matone bado ni majimaji, na ili yageuke mvuke yanahitaji joto. Ukitaka kuliona jambo hili, tia tone la spiriti ya hospitali juu ya mgongo wa mkono wako. Utahisi baridi. Spiriti inapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi yako. (Usifanye jaribio hili kwa petroli.) Ndani ya kabureta mambo ni hayohayo: petroli ikigeuka mvuke yote hupoza hewa inayokwenda nayo kwa karibu nyuzi 20 za sentigredi. Marubani wa ndege zenye kabureta wanalijua vizuri. Barafu yaweza kushika ndani ya kabureta hata siku ambayo nje si ya baridi, mradi hewa ina unyevu mwingi, na injini ikazimika angani.

Matone yasiyopata joto hugota kwenye kuta za bomba la kuingizia, yakatiririka. Silinda moja hupata mafuta mengi mno, jirani yake ikapata hewa tupu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva huvuta choki. Choki haiongezi joto hata kidogo. Inaongeza petroli tu, ili ile sehemu nyepesi itoshe kuwasha. Sehemu nzito isiyowaka hubaki majimaji, huosha oili katika kuta za silinda, kisha huteremka mpaka kwenye oili ya chini. Oili huwa nyepesi, na vyuma vinaanza kulana. Injini nyingi zimekufa kwa njia hiyo, polepole, bila mwenyewe kujua sababu.

Shida hii ilizidi Marekani. Henry Ford alianza kuuza motokaa aina ya Model T mwaka 1908, na mpaka mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15. Zamani wenye visima walitafuta mafuta ya taa, na petroli ilikuwa kama makapi. Katika miaka ya 1910 mambo yaligeuka: magari yalitaka petroli nyingi kuliko ile nyepesi iliyopatikana. Wenye mitambo wakaanza kutia mafuta mazito zaidi ndani ya petroli ili itoshe. Mwaka 1913 William Burton alipata hati ya njia ya kuyavunja mafuta mazito kwa moto na kanieneo kubwa, nayo ilisaidia sana. Lakini injini hazikuweza kungoja. Ilibidi zenyewe zijifunze kula chakula kizito.

Ndipo joto la ekzosi, ambalo lilikuwa likipotea bure, likatiwa kazini. Model T ilikuwa na bomba lililopeleka hewa yenye joto kutoka kando ya ekzosi hadi kwenye kabureta. Wengine walizungushia bomba la kuingizia maji ya moto kutoka kwenye injini. Wengine walikutanisha bomba la kuingizia na la ekzosi mahali pamoja, ili matone mazito yaangukie ukuta wa moto na kuruka kama maji yanayoanguka juu ya kikaango. Trakta ya Fordson, iliyoanza kuundwa kwa wingi mwaka 1917, iliendeshwa kwa mafuta ya taa kwa njia hii: mkulima aliiwasha kwa petroli, akangoja ipate moto, kisha akageuza mfereji. Ni karabai ileile. Lakini mafuta ya taa yalichafua oili, na mwenye trakta asiyebadili oili mara kwa mara alijuta.

Kwa hiyo yule muuzaji amesema kweli: joto husaidia. Asichosema ni kwamba joto lina mpaka wake. Hewa ikipata moto hutanuka. Hewa ya nyuzi 30 ukiipeleka mpaka nyuzi 80, silinda ileile hupokea hewa pungufu kwa karibu sehemu moja katika saba, na nguvu ya injini hupungua. Mchanganyiko wenye joto mno hulipuka kabla ya wakati, na ukasikia injini ikigonga kama mtu anayepiga nyundo. Na petroli ikichemka ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye kabureta, mapovu huziba njia. Gari husimama katikati ya mlima, jua la saa nane, mpaka mrija upoe.

Tena lipo jambo la hesabu. Katika miaka ya 1930 Charles Pogue, wa Kanada, alipata hati kwa kabureta ya kugeuza petroli kuwa mvuke, na ilivuma kwamba gari lingekwenda maili 200 kwa galoni moja. Haikuingia sokoni, na mpaka leo wapo wanaosema kwamba ilifichwa. Haikuhitaji kufichwa. Injini nzima iliyokwisha kupata moto huunguza karibu petroli yote inayopewa. Kinachotoka bila kuwaka ni kidogo sana. Hasara kubwa iko kwingine: karibu theluthi moja ya nguvu ya petroli hutoka na moshi wa ekzosi kama joto, na sehemu nyingine kubwa hupotea kwenye rejeta. Mvuke, hata ukiwa safi namna gani, haurudishi joto hilo. Huwezi kuokoa nusu ya kitu ambacho hakikuwa kikipotea hapo.

Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira imechunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hii, na haikukuta hata kimoja kinachopunguza matumizi ya petroli kwa kiasi kikubwa. Nayo magari mapya yameacha kabureta. Petroli hunyunyiziwa kwa kanieneo na kupimwa kwa umeme. Lakini katika magari mengi manyunyu hayo hulengwa mgongoni mwa vali ya kuingizia, ambayo ni ya moto. Wazo la ukuta wa moto lingali linafanya kazi.

Basi, ndugu uliyeandika: usinunue. Gari lako lina mahali pa kupashia mchanganyiko tangu lilipotoka kiwandani. Mwambie makanika aangalie kama vali ndogo inayopeleka joto hapo haijashikwa na kutu, maana katika magari ya umri huo hushikwa mara nyingi. Rudisha choki mara injini inapoanza kwenda vizuri. Safisha chujio la hewa. Na chombo chochote chenye petroli, kilichofungwa kwa waya juu ya ekzosi ya moto, kikitoboka ni moto wa kuteketeza gari pamoja na dereva.

Kabla ya somo lijalo fanya kazi hii, wewe na kila mwenye gari, pikipiki au jenereta ya kabureta. Asubuhi, injini ikiwa imezimwa, chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Usiwe na sigara wala kiberiti karibu. Kikinuka petroli, na oili ikawa imepanda kupita alama ya juu, usiwashe injini. Badilisha oili kwanza, kisha tafuta kama ni choki iliyokwama au boya lililotoboka. Juma lijalo tutazungumza juu ya plagi, kama nilivyoahidi. Kwa herini.