Mashine Isomayo Makaratasi ya Utafiti

Kijiji cha Malambo kimo katika Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Kusini yake liko bonde la Oldupai, na kusini-mashariki unasimama mlima wa volkano, Oldonyo Lengai. Kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu wamezipita nyanda hizi wakiandika habari za miamba, mifupa ya kale na wanyama. Sehemu kubwa ya habari hizo iliandikwa katika karatasi, nayo karatasi huliwa na mchwa, huoza kwa unyevu na wino wake hufifia. Je, habari hizo zawezaje kuokolewa, na kumfikia mwanafunzi wa Malambo?

Hatua ya kwanza ni kuupiga picha kila ukurasa na kuutia katika kompyuta. Lakini kwa kompyuta picha ni madoa tu, meusi na meupe; mtu hawezi kutafuta neno ndani yake. Ndiyo maana hutumiwa programu ya kutambua maandishi. Programu hiyo huunyoosha ukurasa, hutenga wino na rangi ya karatasi, hugawa mistari, kisha hulinganisha maumbo iliyoyaona na mifano mingi ya herufi iliyofunzwa. Mojawapo ni Tesseract, iliyoanza kutengenezwa katika kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1985, na ambayo tangu 2005 hutumiwa bila malipo. Husoma hata Kiswahili.

Hata hivyo mashine hukosea. Ikisoma «nyurnbu», kamusi yake huonyesha kwamba neno hilo halipo, ikalisahihisha kuwa «nyumbu». Tarakimu, kwa upande wake, hazina kamusi. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka katika ndege, wakapata nyumbu 99,481. Tuseme tarakimu ya kwanza imefifia na mashine ikaandika 9,481. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikadiriwa kupita milioni 1, baada ya sotoka kutoweka. Ongezeko lililokuwa zaidi ya mara 10 lingeonekana kuwa zaidi ya mara 100! Kwa mfugaji wa Ngorongoro kosa hilo si dogo, kwani ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe, na idadi ya nyumbu humhusu kila apangapo malisho.

Majina nayo yana tatizo lake. Wajerumani waliofika bondeni, Kattwinkel mwaka 1911 na Hans Reck mwaka 1913, waliandika «Oldoway». Baadaye ikawa «Olduvai». Kwa Kimaasai ni «oldupai», yaani mkonge mwitu uotao pale. Mashine yaweza kusoma majina yote matatu bila kosa, lakini atafutaye kwa jina moja ataikosa sehemu kubwa ya habari. Kuyaunganisha ni kazi ya mtu aijuaye lugha na mahali penyewe.

Shule yaweza kulijaribu jambo hili. Wanafunzi wawili wanakili jedwali moja la mvua, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Mahali wanapotofautiana, warudi kwenye karatasi ya asili. Kwa sababu hiyo karatasi ya asili isitupwe hata baada ya kupigwa picha: ndiyo shahidi wa mwisho mashine inapokosea.