Diski ya Nje si Nzito, Mlango Ndio Mwembamba

Atokaye Amu kwenda Pate kwa mashua hupita Mkanda, ule mlango wa maji uliobanana baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao kabla ya kuchimbwa na kuongezwa kina ulipitika maji yakijaa tu. Na yakipwa, hata nahodha awe hodari namna gani na mashine yake iwe mpya, hakuwa na hila ila kutia nanga akangoja, au kuzunguka nje ya Manda akapambane na mawimbi ya bahari kuu. Nimeanza na Mkanda kwa kuwa aghalabu ya watu wanaoniletea kompyuta zao hapa mjini huilaumu mashua, ilhali dhambi ni ya mlango.

Alinijia maalim mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ameifumbata diski ya nje aliyoinunua Mombasa ili ahifadhi darsa alizokuwa akizirekodi kwa miaka mingi, akaketi, akashusha pumzi, akasema, "Mwanangu, hii nimeuziwa mbovu. Naanza kunakili, naenda kusali adhuhuri, narudi, bado haijafika nusu." Nikamwambia, "Maalim, tusihukumu kabla ya ushahidi," nikatwaa diski nyingine ya nje iliyokuwa mezani pangu, ganda lake limekwisha kupasuka, nikalifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na diski bapa ya inchi 2.5, meno yake sawasawa na ya diski niliyokuwa nimeitoa katika laptopu asubuhi ile, na pembeni yake kibao kidogo cha kijani, upana wa vidole viwili. Maalim akaziweka mbili hizo sambamba, akazigeuza huku na huku, akasema, "Hizi ni pacha."

Naam, ni pacha, na kilichozitenga ni kile kibao, ambacho kazi yake ni ukalimani: diski husema lugha ya SATA, mlango wa kompyuta husema lugha ya USB, na kila herufi ivukayo sharti ifasiriwe. Ukalimani wenyewe taklifa yake ni ndogo. Linaloamua ni upana wa njia ukilinganishwa na nguvu za diski. Sahani ya diski ya namna hii huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi, na ikisoma faili kubwa mfululizo hutoa kiasi cha megabaiti 100 au zaidi kidogo kwa sekunde. Ndani ya kompyuta, njia ya SATA ya kizazi cha tatu huweza kupitisha megabaiti 600 kwa sekunde, basi shehena ya diski hupita humo ikabaki nafasi tele. Ama nje, mlango wa USB 2.0 uliotolewa mwaka 2000 hutangazwa kwa megabiti 480, na hapo ndipo wengi hughalitika, kwani biti si baiti: baiti moja ni biti nane, hivyo 480 hurejea kuwa megabaiti 60, na baada ya kuondoa maneno ya adabu ambayo kompyuta na diski huambiana njiani, zinazobaki kwa mzigo ni 30 hadi 40 tu. Diski yenye uwezo wa 100 imesimama mlangoni ikingoja maji.

Mwaka 2008 ulitolewa USB 3.0, wa gigabiti tano, mpana hata diski ya kuzunguka haiwezi kuujaza. Na juu ya mlango huo naweza kusema kwa yakini kwamba diski ya nje na pacha wake wa ndani hukimbia takriban sawa. Tuchukue mfano wa kwetu: miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, na yeyote afanyaye kazi kama hiyo hujikuta ana picha kubwa kubwa kwa maelfu. Tuseme ni gigabaiti 100. Kwa megabaiti 32 kwa sekunde utaketi dakika 52; kwa 110, robo saa.

Walakin insafu yanilazimu nitaje pale ambapo ya ndani hushinda kwa haki. Kompyuta za mezani aghalabu hubeba diski pana ya inchi 3.5 izungukayo mara 7,200, nayo humpita yule mdogo popote atakapowekwa. Tena diski za kisasa zisizo na sahani, za SSD aina ya NVMe, zikiwa ndani huweza kusoma megabaiti 3,500 kwa sekunde, na ukizitoa nje kwa USB ya gigabiti tano hazivuki hata 500. Na faili ndogo ndogo, elfu kwa elfu, huchosha kila diski ya sahani, iwe ndani au nje, maadam kichwa kinachosoma hakina budi kuhama na kungoja sahani izunguke kwa kila moja.

Turudi kwa maalim. Laptopu yake ilikuwa na mlango wa USB 3.0, ulimi wake wa samawati, na yeye alikuwa akiutumia huo huo. Kasi ilisimama kwenye 32. Kichwa cha kebo ya USB 3.0 kina meno tisa: manne ni yale ya zamani ya USB 2.0, na matano ni mapya, yamejificha ndani zaidi. Haya matano yasipogusana barabara, diski hailalamiki wala haikatai kazi, bali hurudi kimyakimya kutumia manne ya zamani, na mwenyewe asijue. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, ambayo hula bawaba za milango, meno hayo yalikuwa yamefanya ukungu. Nikayafuta, nikakisukuma kichwa mpaka mwisho, kasi ikapanda hadi 110.

Basi wewe uliyeko Shela, Matondoni au Siyu, kabla hujaenda kumshitaki muuzaji, tazama kwanza kama mlango ni wa samawati au umeandikwa SS, ufute meno ya kebo kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, ungoje yakauke, kisha uisukume mpaka igote.