Homoni baada ya hedhi kukoma: si dawa ya kusahau

Karibu na miaka 50 hedhi inakoma, joto linampanda mama usiku, usingizi unakatika, na mara anasahau alikoweka ufunguo. Wengine wanaambiwa kwamba homoni zitawarudishia akili ya ujana.

Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kinyume. Wamama 4,532 wa miaka 65 na zaidi walifuatiliwa kwa muda wa miaka 4 hivi: karibu nusu walimeza estrojeni na projestini, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka 2003. Waliopata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walikuwa 40 kati ya waliomeza homoni, na 21 tu upande wa pili.

Habari hiyo iliwaogopesha hata wamama wa miaka 50, ingawa haikuwahusu. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotolewa 2015, uliwachukua wale ambao hedhi yao ilikoma karibuni. Baada ya miaka 4 akili yao haikudhurika, haikuongezeka pia.

Kwa hiyo homoni zinatuliza joto la usiku, na hilo si jambo dogo. Lakini kuzinunua famasi kwa ajili ya kumbukumbu ni kupoteza pesa. Na mama aliyewahi kuugua kansa ya titi, au damu kuganda mishipani, amwambie daktari kabla ya kumeza hata kidonge kimoja.