Je, Wajua? Pikapu Ikishuka Nyuma

Springi ya gari huzeeka hata isipovunjika. Chukua pikapu iliyoinuliwa ili ipite matope ya ufuo wa Dunga, Kisumu, kisha ipakie mbuta na barafu alfajiri baada ya alfajiri. Chuma hupinda na kurudi, hupinda na kurudi, hadi siku kisiporudi chote. Maji ya barafu yakipenya katikati ya vyuma bapa vya springi vilivyopangwa pamoja, kutu huongeza kasi.

Dalili huonekana usiku: nyuma ikishuka, taa za mbele hutazama juu na kumpofusha anayekuja. Usukani nao huwa mwepesi mno, kwa kuwa magurudumu ya mbele yamepungukiwa uzito. Hiyo ni hatari ya kweli, hasa mvua ikinyesha.

Wengi huongeza chuma kimoja kinene wakaondoka. Lakini unene ukitoka milimita 7 hadi 8 tu, ugumu wa chuma hicho hupanda kwa karibu nusu, na gari likiwa tupu hurukaruka. Afadhali seti mpya, kushoto na kulia kwa pamoja. Wakati wa kuibadilisha, chesisi ikae juu ya stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Bolti za bushi zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likining'inia, mpira wa bushi hukaa umejipinda na kuchanika mapema.

Springi kuukuu haitupwi. Kwa kawaida ina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kwa hiyo hushika makali vizuri, na wahunzi wa jua kali huifua ikawa panga na visu.